Malalamiko Yangu kwa Ofisi ya Wachumba Iliyofuta Doktora Yangu

Lubumbashi, tarehe 12 Mei 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa ofisi ya kukutanisha wachumba

Yahusu: kubadilishwa kwa maelezo yangu bila idhini, na mwongozo wenu wa mazungumzo ya kwanza

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni mteja wenu, na ada yenu nililipa yote kabla ya kuonyeshwa hata picha moja. Kwenye fomu niliandika kazi yangu waziwazi: mwalimu wa chuo kikuu, mwenye doktora ya kilimo, mtafiti wa mimea inayoota kwenye udongo wa shaba. Maelezo mliyowapelekea wanaume yalisema: "Anafanya kazi shuleni, mpole, anapenda kupika." Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza.

Nilipofika ofisini kulalamika, mfanyakazi wenu alinijibu kwa upole, akiamini kabisa kwamba amenisaidia: "Mama, mwanamuke mwenye kusoma sana anaogopeshaka wanaume."

Naomba mjue msaada huo umeniletea nini. Mwanaume mliyenikutanisha naye ni fundi wa malori ya migodini, mtu wa heshima, na amekulia Penga Penga, upande ule upepo ulikopeleka moshi wa bomba la kiwanda cha shaba cha Gécamines. Tulipokuwa tunakula bukari na samaki alianza kunieleza jinsi uwanja wa wazazi wake ulivyokataa kuotesha hata matembele. Udongo huo naujua. Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulimwaga shaba, risasi, zinki na kadmiamu juu ya ardhi ile, mpaka miti ya miombo ikaisha, zikabaki nyasi chache zinazovumilia. Nikamweleza hayo. Nikamweleza pia mmea unaoitwa Haumaniastrum katangense, unaopenda udongo wenye shaba kiasi kwamba watafuta madini waliufuata ili kujua pa kuchimba. Aliacha chakula kikapoa. Akauliza kama udongo wa kwao unaweza kupona, na mimi nikamuuliza mengi kuhusu malori yake. Ni mazungumzo mazuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na mwanaume nisiyemjua.

Kisha akauliza, "Haya yote munafundishaka kwenye shule gani?" Nikamwambia ukweli. Uso wake ukabadilika. "Na kingine ulinificha ni nini, mama?" Alilipa, akaniaga kwa adabu, na tangu siku ile yuko kimya. Simlaumu. Alikuwa ameniuliza maswali ambayo doktora yenyewe ndiyo iliyonipa majibu yake, na hakuogopa. Kilichomwondoa ni uongo alioukuta chini ya picha yangu, na uongo huo ni wenu.

Sikatai kwamba wanawake tuliosoma tunapata shida. Wapo wanaume ambao wakisikia cheo changu wanaanza kunijaribu kwa maswali kama wako kwenye mtihani. Wapo wanaouliza mahari kabla ya kinywaji kuletwa, maana wanajua ukoo utaihesabu kila diploma. Shangazi zangu nao wanasema nimezeekea kwenye vitabu. Lakini mwanaume wa namna hiyo afadhali asome doktora kwenye simu yake na apite, kuliko kuigundua mezani. Kwa wanaume wenu mbona hamfuti? Nimeona "injiniya", "avoka" (yaani wakili) na "daktari" zimeandikwa mwanzoni kabisa, kabla hata ya umri.

Na ile karatasi ya mwongozo mnayotupa sisi wanawake tu: usiulize maswali mengi, usimsahihishe, usitaje mshahara, akikuuliza kuhusu kazi sema utaiacha mume akitaka. Kanuni ya Familia ya nchi yetu Kongo, ya 1987, ilimtaka mke apate idhini ya mume ili afunge mkataba wa kazi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Ninyi mnataka msichana aliyekesha miaka akisoma aahidi siku ya kwanza, kwa mtu asiyemjua, kile ambacho hata sheria haimdai tena. Hilo limeniuma kuliko ada.

Kwa hiyo naomba maelezo yangu yarudishwe neno kwa neno kama nilivyoyaandika. Mwandikieni yule fundi kwamba ofisi yenu ndiyo iliyoyabadilisha, wala sikuwa najua. Siwaombi mnirudishie mtu, naomba jina langu lisafishwe mbele yake. Karatasi ile msimpe tena mwanamke yeyote. Ada yangu nirudishiwe yote. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 15, na lisipofika nitampa avoka barua hii pamoja na nakala ya fomu yangu.

Kwa heshima,

Mteja wenu wa komuni ya Kampemba