Barua ya wazi kwa kaka yangu: rufaa siifuti

Kaka, shikamoo. Shangazi kanifikishia maneno yako: nifute rufaa ya kiwanja cha baba, mahakama ya wilaya imeshasema, tusizidi kuaibishana. Ukaongeza na lile la India, kwamba mahakama zao za wilaya zimelemewa na mashauri zaidi ya milioni 40, na mimi nataka kuwarithisha wajukuu kesi.

Haya, tuizungumze India, maana wewe uliyesoma huko ndiye uliyenifundisha. Ile likizo yako ya kwanza ulinikesha barazani ukinisimulia Gorakhpur. Februari 4, 1922 polisi wa Chauri Chaura, mji mdogo wa huko, waliwafyatulia waandamanaji risasi, umati ukachoma kituo, askari zaidi ya 20 wakafia humo. Januari 1923, Jaji Holmes wa wilaya ya Gorakhpur akawahukumu watu 172 kunyongwa. Mia na sabini na mbili, kaka! Ulikuwa ukiitaja hesabu hiyo huku unapiga goti. Rufaa ikaenda Mahakama Kuu ya Allahabad, wakili Madan Mohan Malaviya akasimama kuwatetea, wakanyongwa 19. Hata hao 19 wananiuma. Ila wale wengine wangekuwa wapi kama wangeambiwa wilaya imeshasema?

Ukanisimulia na Mir Shikari, aliyekuwa kiongozi miongoni mwao kisha akageuka shahidi wa serikali. Ulimlaani usiku ule. Nami nilikukumbuka ukimlaani siku uliyopanda kizimbani na shati la buluu nililokununulia Idi. Wakili akauliza kama marehemu baba alinigawia kile kiwanja cha nyuma. Ukavua miwani, ukaifuta kwa pindo la shati hilo hilo, ukasema, "Sikumbuki." Wewe! Wewe uliyeshika ncha ya kamba, baba akashika nyingine, mkapima kutoka mwembe hadi kisimani, mimi nikichomeka vijiti. Hakimu akaandika. Mama akainama.

Nakushauri kama mdogo wako: acha usimamizi wa mirathi. Hastings, gavana wa Kiingereza huko huko India, mwaka 1772 aliwapa wakusanya kodi wa Bengal na kazi ya kuamua madai, na mwaka 1793 gavana mwingine, Cornwallis, akawanyang'anya, kwa sababu anayekusanya hawezi kujihukumu. Wewe unapokea kodi ya vyumba vya mbele, unaandika hesabu, kisha unakuwa shahidi wa hesabu zako. Watu wanadhani nina tamaa. Nilijenga choo pale kwa pesa zangu, nikalipa kodi ya ardhi miaka yote uliyokuwa ng'ambo, na risiti ninazo. Hata ada yako ya mwaka wa mwisho, unajua ilitoka wapi. Sikutaka kulisema hili hadharani, lakini limeshatoka.

Harusi ya binti yako nitakuja, na upishi nitausimamia kama tulivyopanga. Yeye hana kosa. Rufaa siifuti. Na dawa za presha za mama mwezi huu ni zamu yako, zimebaki za siku tatu.