Barua kwa Binti Yangu Anayeingia Kiwanda cha Mvinyo

Hombolo, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako tumeupata, na baba yako amenitaka nimsomee kwa sauti ili ahakikishe kwamba nilichomweleza ndicho ulichoandika: kiwanda kimekuajiri, na umepangiwa maabara. Hongera sana. Shahada yako ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, imepata kazi, tena karibu na nyumbani. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu niliyo nayo ni marefu, na simu ya nyumba hii, kama unavyojua, haimwachi mtu amalize neno kabla shangazi zako hawajataka nao wakusalimie.

Jambo langu ni moja. Maabara ni mahali pazuri pa kuanzia, ila usikubali pawe mahali pako pa kudumu, kwa sababu mvinyo hauamuliwi maabara. Utapima sukari, asidi na salfa, utaandika namba daftarini, kisha mtu mwingine atazichukua namba hizo na kuamua zabibu zivunwe lini, zikamuliwe saa ngapi, tangi lipi lipozwe na lipi lichanganywe na lipi. Huyo anayeamua ndiye mtengeneza mvinyo, na anayempimia, hata akiwa msomi kumzidi, anabaki msaidizi wake.

Hili si la kiwanda chako peke yake. Katika jimbo la California, ambako somo la kutengeneza mvinyo hufundishwa kwenye chuo kikuu cha mji wa Davis, mwanamke wa kwanza kuhitimu somo hilo, MaryAnn Graf, alihitimu mwaka 1965, na wasichana waliomfuata katika miaka ya 1970 mara nyingi waliambiwa kwamba nafasi iliyopo ni ya maabara, kwani kwenye matangi na mapipa kazi ni nzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Santa Clara walipohesabu viwanda vya jimbo hilo, mwaka 2011 waliona kwamba mtengeneza mvinyo mkuu ni mwanamke katika takriban asilimia 10 ya viwanda, na walipohesabu tena mwaka 2020 waliona asilimia 14, ingawa madarasani wanawake wamekwisha kufika karibu nusu. Wanapotelea wapi hao wengine? Mimi nilifundisha kemia kwa miaka mingi na nimewaona wasichana wangu wakipita njia ileile: wanapokewa vizuri, wanapewa koti jeupe, na miaka inapita wakiwa wamevaa koti hilohilo.

Hoja ya uzito nayo uijue undani wake mapema, maana utaisikia siku ya kwanza. Pipa la mwaloni la kawaida huchukua lita 225, na likijaa lina uzito unaozidi kilo 250, kwa hiyo hakuna mwanamume anayelinyanyua. Wote wanatumia pampu, bomba la mpira na foklifti. Na ukitaka kujua nani anabeba uzito wa kweli katika kazi hii, njoo msimu wa mavuno utazame nani anayetoa kreti za zabibu kutoka katikati ya mistari hadi barabarani. Hao wenye kanga kiunoni hakuna anayewauliza kama wanaweza. Bibi yako naye alipika pombe ya mtama maisha yake yote, akijua kwa harufu na kwa povu siku ya kuiepua na siku ya kuiacha, wala hakutokea mtu wa kumwambia kwamba kuchachusha ni kazi ya kiume. Kazi hiyo ilipopata matangi ya chuma kisichoshika kutu, mshahara na cheo, ndipo ikaonekana kwamba ni ya wanaume.

Nimekuwa nikisoma habari za Barbe-Nicole Ponsardin, yule mjane Clicquot ambaye jina lake liko kwenye chupa za Champagne, ule mvinyo wenye mapovu ya gesi, hadi leo. Alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1777, akaolewa na François Clicquot ambaye familia yake iliuza nguo na mvinyo, na mwaka 1805 mumewe akafariki, akamwacha na umri wa miaka 27 na mtoto mmoja wa kike. Sheria ya Napoleon ya mwaka 1804 ilimweka mke chini ya mamlaka ya mumewe, hata asiweze kufanya biashara kwa jina lake bila ridhaa ya mume. Mjane ndiye aliyeweza. Mlango wake, basi, ulifunguliwa na msiba. Alimwendea baba mkwe wake kuomba mtaji, naye hakumpa hivihivi, bali alimwekea sharti la kufanya kazi kwanza pamoja na mtengeneza mvinyo mzoefu. Mwaka 1814, vita vya Napoleon vilipokuwa vinaisha na washindani wake wakisubiri bahari itulie, yeye alikwisha kupakia maelfu ya chupa melini kuelekea soko la Urusi.

Lakini ninalotaka ulizingatie ni lile la ghalani. Mvinyo wa Champagne huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, na chachu inayokufa hubaki humo ikiutia ukungu. Kuuhamishia chupa nyingine kulipoteza gesi, na gesi ndiyo mali yenyewe. Mnamo mwaka 1816 yeye na msimamizi wa ghala lake, Antoine Müller, walitumia meza zilizotobolewa matundu, chupa zikasimamishwa shingo chini na kugeuzwa kidogo kila siku, mpaka mashapo yote yakashukia kwenye kizibo na kutolewa kwa mara moja. Mtu anayekaa ofisini akisaini hati hawezi kufikia jawabu la namna hiyo. Lazima awe ameishika chupa na kukasirishwa na ule ukungu. Nina neno dhidi yake pia, kwamba uongozi wa biashara ile aliuachia mshirika wake wa kiume, Édouard Werle. Wanawake wengine waliosifika huko, Louise Pommery katika karne ya 19 na Lily Bollinger kuanzia mwaka 1941, nao waliingia kwenye usukani kwa kufiwa na waume. Mimi sitaki binti yangu apate uamuzi kwa njia ya matanga.

Ndiyo maana ninapenda zaidi mfano wa Ntsiki Biyela wa Afrika Kusini. Alilelewa na bibi yake kijijini huko KwaZulu-Natal, akafanya kazi za ndani, kisha akapata ufadhili wa shirika la ndege la nchi hiyo kwenda Chuo Kikuu cha Stellenbosch kusomea kinywaji ambacho hakuwahi kukionja, katika masomo yaliyofundishwa kwa Kiafrikaans. Alihitimu mwaka 2003, na mwaka uliofuata kampuni ya Stellekaya ilimchukua atengeneze mvinyo, si kuupima tu. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa mtengeneza mvinyo bora wa kike nchini mwake. Baadaye aliacha ajira ili aendeshe kampuni yake mwenyewe, ambayo ameiita Aslina, jina la bibi yake, na zabibu akaanza kwa kununua kutoka mashamba ya watu wengine. Hapo kwenye zabibu nitarudi.

Sasa, kuhusu kazi yenyewe. Omba tangu sasa, kwa maandishi na kwa adabu, kwamba katika misimu yote miwili ya mavuno upangiwe zamu za mapokezi ya zabibu na za matangi pamoja na zamu zako za maabara. Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo nchi za baridi hazina: mzabibu wetu unazaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo utajifunza kwa mwaka mmoja kile ambacho Mfaransa anakisubiri miaka miwili. Jifunze kuosha tangi, kuunganisha pampu, kuzamisha maganda yanayoelea juu ya zabibu nyekundu. Uliza pia, bila kuona haya, kama kuna chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo na kama kuna gari la kuwarudisha wafanyakazi wa zamu ya usiku, kwa sababu wanawake wengi huondoka katika kazi kama hizi kwa kukosa vitu hivyo viwili, kisha husemwa kwamba wameshindwa kazi.

Kuna jambo moja ambalo sitalipunguza makali. Lita moja ya juisi ya zabibu inapochachuka hutoa zaidi ya lita 40 za kaboni dioksidi, na gesi hiyo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hulala chini na kujaa ndani ya tangi lililotoka kumwagwa. Haina rangi wala harufu ya kukuonya, na mtu huanguka kabla hajaelewa kwa nini. Atatokea kijana wa kukuambia kwamba wenzake huingia tu kusafisha bila kupima hewa, na kwamba ukiogopa hii si kazi yako. Usiingie. Hewa ipimwe, feni iwashwe, na mtu asimame mlangoni akiwa na kamba. Hapo ndipo uingie. Usithibitishe ujasiri wako kwa kitu ambacho hata yeye hapaswi kukifanya.

Utasikia pia sifa ya kwamba wanawake wana pua kali kuliko wanaume, kwa hiyo wamezaliwa kuonja. Ipokee kwa tabasamu na tahadhari. Kipaji cha kuzaliwa hakipandishiwi mshahara, ilhali ujuzi uliojengwa kwa kuonja, kuandika na kulinganisha msimu kwa msimu mtu anaweza kuudai malipo.

Nirudi kwenye zabibu. Unajua jinsi ilivyo hapa: wanawake wanapalilia, wanapulizia dawa ya ubwiri, wanavuna, lakini shamba lina jina la mume, uanachama wa AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao, una jina la mume, na fedha zikitoka huenda kwenye jina hilo. Unajua pia miaka ambayo zabibu zimeiva na mnunuzi akasema matangi yamejaa, tukabaki tunazitazama zikioza mizabibuni. Nataka siku moja anayesema neno hilo awe mtu anayeujua mzabibu kwa mikono yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na baba yako na mimi tumekubaliana kwamba kipande cha chini, chenye mizabibu ya aina ya Makutupora, kiandikwe kwa jina lako. Kaka yako tumemshirikisha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama bado ataruhusiwa kulisha mbuzi ukingoni. Nikamwambia hilo akuombe wewe.

Mwenyekiti wa kijiji anasema maombi ya hati ya kimila yatasomwa kwenye kikao kijacho cha halmashauri ya kijiji, na ni lazima uwepo mwenyewe. Lete kitambulisho chako cha taifa na picha ndogo za pasipoti. Ukishapata hati tutakwenda pamoja kwa katibu wa AMCOS ukajiandikishe, na usikubali akuandike chini ya namba ya baba yako kwa kisingizio cha kurahisisha hesabu. Kupogoa hatujaanza. Baba yako anataka ukate mstari wa kwanza wewe, na ameniagiza nikuambie uje na mkasi wako, kwa sababu wake haazimi mtu.

Mama yako