Dada nesi wa chumba cha endoskopi, asante sana

Jamani yule dada nesi wa kule endoskopi (wanakochungulia tumbo kwa mpira unaopitia mdomoni), jina hata sikuuliza, asante sana aisee. Mi nilishajazwa maneno mtaani eti unamezeshwa bomba mpaka unazimia, yeye akakaa akanielezea mwanzo mwisho: usile masaa 6 hadi 8 kabla, kooni wanakupulizia dawa ya ganzi (chungu hiyo!), unalalia ubavu wa kushoto, unang'ata kiplastiki ili usiutafune mpira wao wenye kamera, halafu we pumua tu taratibu, mate yaache yatoke usimeze. Kutaka kutapika kupo, sidanganyi, ila dakika chache imeisha, na wakinyofoa kinyama cha kupima wala husikii. Tumbo linajaa hewa, ukibeua usione aibu. Ukitoka usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, utapaliwa.

Kuna mzee alikuwa anapimwa utumbo mpana, dada nesi akamwambia, "Baba, kazi ni ile dawa ya kuharisha ya jana yake, kipimo chenyewe afadhali, ila ukichomwa ya usingizi usiendeshe gari leo, njoo na mtu."

Na muda wote kanishika bega. Mungu akuzidishie dada.