Somo yangu, ule ubeti wa tano usiuguse

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya changu. Shairi lako lilifika zamani, na nimelisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Sisi wazima, Mama anakusalimu, mtoto ameota meno mawili. Habari za nyumbani zitoshe hapo, maana leo nina neno moja tu. Kaka yako ameniambia unataka kuutoa ubeti wa tano, ule wa chenji, kabla hujalipeleka shairi kwa mhariri. Eti mtu kakwambia ni jambo dogo mno, ubaguzi una makubwa ya kusemwa. Usingizi umeniruka. Tafadhali, toa ubeti mwingine wowote, huo uache.

Hebu tazama mwenyewe. Beti nne za mwanzo zinasema ubaguzi ni sumu, ni giza, ni mnyororo. Ni kweli, na kwa kuwa kila mtu anajua ni kweli, msomaji anapita tu. Halafu anakutana na hii:

Nilinyoosha mkono, akazitua mezani

Mwili ulinisisimka. Neno ubaguzi halimo. Kuna mkono uliokwisha kunyooka na sarafu za chenji ambazo muuzaji anaziweka kando yake, moja moja, na wewe unaanza kuziokota kwa kucha kwa sababu meza ni laini na haziinuki. Nani atasoma hayo asitazame kiganja chake?

Huyo aliyekwambia ni jambo dogo, mpe amsome Countee Cullen, yule mshairi Mweusi wa Marekani. Mwaka 1925 alitoa shairi la mistari 12 tu. Mtoto wa miaka minane yuko Baltimore, amefurahi, anamtabasamia mtoto mwenzake, hata kimo wanalingana. Mwenzake anamtolea ulimi na kumwita kwa lile tusi la Weusi. Basi. Alikaa Baltimore toka Mei hadi Desemba, akauona mji mzima, na katika yote yaliyotokea huko anakumbuka hilo moja. Hahubiri, halaani. Anakupa miezi yote ile halafu anakuonyesha jinsi neno moja lilivyoimeza. Ni dogo hilo?

Na Langston Hughes, mshairi mwingine Mweusi wa Marekani, mwaka mmoja baadaye katika kitabu chake cha kwanza, anaweka ndugu anayepelekwa kula jikoni wageni wakija. Jiko na meza, ndivyo vyombo vyake vyote. Anakula, anacheka, anapata nguvu, na anajua kesho atakaa mezani. Wole Soyinka wa Nigeria naye, simu tu: mtu Mweusi anatafuta chumba Uingereza, mwenye nyumba anamuuliza ni mweusi kiasi gani, na mpangaji anamjibu kwa adabu na dhihaka mpaka swali lenyewe linaona haya. Mkono, jiko, simu. Wewe tayari umo kwenye kundi hilo na unataka kujitoa!

Sasa kibwagizo chako. Nitasema wazi kwa sababu ni wewe. "Sisi sote binadamu, ubaguzi tuukome" kinakuja mwisho wa kila ubeti kama mtu anayekufunika blanketi kabla hujasema unapoumwa. Kwenye ule wa tano kinaniudhi hasa. Sarafu bado ziko mezani na tayari tumeambiwa la kufanya. Huwezi kukiacha kwenye ubeti huo tu, ukaishia kwenye kucha? Najua bahari ya shairi lako ni tarbia, mistari minne kila ubeti, na unaogopa watu wa arudhi, wale wa kanuni za ushairi. Lakini mshairi akivunja kibwagizo mara moja, pale panapouma, msikilizaji atajua kuna kitu kimevunjika.

Wala simaanishi uache vina, kama kaka yako anavyotaka. Anadai maumivu hayapangiki kwa mizani. Claude McKay, naye mshairi Mweusi, alipangaje? Mwaka 1919, majira ya joto Weusi wanashambuliwa katika miji mingi ya Marekani, aliandika shairi la kuwaambia watu wake wasife kama nguruwe waliozingirwa, akalitia katika mistari 14 yenye vina barabara. Hasira ile ingekuwa nje ya kuta hizo ingemwagika. Mwambie hivyo, najua atabisha.

Narudi kwenye ubeti. Kuna jambo nimelizungukazunguka tangu nianze kuandika. Siku ile nilikuwa nyuma yako. Ulipoondoka kwenye meza ile nilisogea mimi, nikanunua tiketi ileile, kwa muuzaji yuleyule, na chenji yangu aliniwekea kiganjani. Vidole vyake viligusa vyangu. Niliona yote mawili na sikusema kitu. Tukapanda, tukazungumza mambo ya harusi safari nzima. Nilijiambia labda hukuona. Miaka yote hii nimejiambia hivyo, mpaka nikausoma ubeti wa tano.

Ndiyo maana ukiutoa nitaona kama tumenyamaza tena, safari hii sote wawili.

Mhariri akiukataa, niandikie mimi kama barua. Mshairi Dennis Brutus alipotoka jela ya Robben Island, serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini ilimpiga marufuku kuchapisha maandishi, naye akayaandika mashairi yake kwa sura ya barua kwa shemeji yake. Yakatoka kitabu mwaka 1968. Barua inabeba mengi, somo.

Sasa niambie. Ulijua niko nyuma yako? Uligeuka ukaona nilivyopewa yangu? Mbona katika shairi hakuna mtu wa pili, hukumtia kwa kunisitiri au hukuniona kabisa? Ungependa awemo? Kama ungependa, niandike mimi upande wangu, tukae beti mbili zinatazamana, au hilo ni kukunyang'anya kilicho chako? Na zile sarafu, hatimaye uliziokota zote? Nakumbuka kama moja ilibaki.

Nijibu upesi, kabla ya kumwona mhariri.

Ni mimi, somo yako.