Umesafisha bomba, "mizizi" imerudi: angalia vipunje vyeusi

Mkulima huja dukani na kipande cha bomba la umwagiliaji wa matone kilichozibwa na kitu cha kahawia kilichotambaa ndani kama mizizi. Wengi huamini mti umepenya. Kumbe ni wanyama! Wanaitwa braiozoa, na wanaosumbua zaidi mabomba ni wa jenasi ya Plumatella. Si wageni huku kwetu: mwaka 1907 mtaalamu Rousselet aliieleza Plumatella tanganyikae kutokana na sampuli za Ziwa Tanganyika.

Mmoja mmoja ni mdogo mno, milimita chache tu. Hukaa ndani ya kijumba chembamba, akatoa taji la vinyweleo na kuchuja mwani na bakteria. Bomba lenye giza na maji yanayopita ni neema kwake, kwa kuwa chakula humfuata alipo. Huchipua mwenzake ubavuni, naye mwenzake akachipua mwingine, bila dume wala jike kukutana, mpaka ukuta mzima wa bomba umefunikwa na koloni, yaani kundi lao lililoungana.

Kama wangekuwa wanachipua tu, klorini ya siku moja ingetosha. Tatizo ni kwamba ndani ya mwili wao hutengeneza vipunje viitwavyo statoblasti: chembe hai pamoja na akiba ya chakula, zilizofungiwa kati ya maganda mawili ya kitini, maada ileile iliyomo kwenye gamba la mende. Koloni likifa na kuoza, vipunje hivyo hubaki. Ukikausha laini ya mabomba msimu wote wa kiangazi, vitalala tu vikisubiri maji.

Viko vya aina mbili, na hapa ndipo wateja wetu wanapopoteza pesa. Vya kwanza vina ukingo wa vyumba vya hewa, hivyo huelea na kusafiri na maji hadi kwenye vitundu vya matone. Vingi havifiki hata nusu milimita, lakini chujio la meshi 120 (nyuzi 120 kwa kila inchi) huvinasa, maana tundu lake ni kama milimita 0.13. Vya pili havielei. Vimegandishwa kwenye ukuta wa bomba kana kwamba kwa saruji, na ukiling'oa koloni vyenyewe vinabaki palepale. Chujio jipya halivigusi, kwa sababu vimeshalipita.

Jiji la Hamburg, Ujerumani, lililijua hili mapema. Lilipokuwa likisambaza maji ya mto Elbe bila kuyachuja, mabomba yake yalijaa viumbe hivi, na mtaalamu wa wanyama Karl Kraepelin aliandika kuvihusu katika miaka ya 1880.

Ndiyo maana hatukubali tena kazi ya siku moja. Safari ya kwanza tunafungua ncha za laini, tunasukuma maji kwa nguvu, kisha tunatia klorini kwa kipimo. Halafu tunakuachia umwagilie kama kawaida ili vipunje vilivyobaki vianguliwe. Tunarudi kuua koloni changa kabla halijatengeneza vipunje vyake. Vingine huchelewa kuamka, kwa hiyo kagua ncha za laini kila mwezi. Na kama una bwawa la samaki, tafadhali sana, maji ya kusafishia yasielekee huko.

Ukituletea sampuli, kata bomba urefu wa kiganja, usilioshe, lifunge kwenye mfuko wenye maji kidogo ya chanzo chako. Tutalipasua mbele yako, uvione vipunje kwa kioo cha kukuzia.