Maji ya mvua yataenda wapi, mwanangu?

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, mama yako kifua kimepoa.

Michoro uliyomtumia dada yako nimeiona yote. Nilimwomba anikuzie mmoja baada ya mwingine mpaka akachoka, akaniachia simu. Maktaba yako nimeipenda, na nakuambia mapema usije ukadhani nakuandikia kukukatisha tamaa. Tangu nishike mwiko sijawahi kuwaza kitu kama kile: paa limechanua kama ua, mwanga unashuka hadi kwenye meza za kusomea, ngazi zinapanda zikiuzunguka ukuta na katikati hakuna nguzo hata moja. Nilivua miwani, nikaifuta, nikatazama tena.

Sasa nieleze, maji ya mvua yataenda wapi?

Nimetafuta. Nimeupitia mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limepasuliwa katikati, kutoka juu hadi chini, sikuona mfereji, sikuona bomba la kushushia maji, sikuona hata tundu. Ua lililochanua kuelekea juu ni bakuli, mama, na bakuli huteka maji. Piga hesabu mwenyewe: maji yakituama kimo cha sentimita 10 tu, kila mita ya mraba ya paa imebebeshwa kilo 100 zaidi. Paa lako lina mita za mraba ngapi? Na chini yake umepanga vitabu.

Dada yako anakutetea. Anasema hiyo ni michoro ya dhana, mwaka huu mnafundishwa kuwaza kwanza, mambo ya mifereji yatakuja baadaye. Na wewe juzi ulinitajia yule msanifu Jørn Utzon na jumba la opera la Sydney, kwamba alishinda shindano mwaka 1957 kwa michoro ambayo namna ya kuijenga ilikuwa haijajulikana. Ni kweli, lakini hukunimalizia habari yenyewe, ikabidi nimwombe dada yako anisomee. Miaka ilipita wakihangaika na yale maganda ya paa, mpaka wakapata njia ya kuyakata yote kutoka kwenye umbo la tufe moja. Gharama zikapanda, maelewano yakaharibika, na mwaka 1966 akajiuzulu akaondoka. Jumba likafunguliwa 1973 yeye hayupo, na hadi anakufa hakuwahi kurudi kuliona kwa macho yake. Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Sitaki wewe uanzishe kitu kizuri, kisha watu wengine wakimalize bila wewe.

Kama ni kutafuta mwanafunzi wa kumwiga, mtazame Francis Kéré. Alikuwa bado anasomea usanifu Berlin alipochora shule ya msingi ya kijiji chao, Gando, kule Burkina Faso, na ikakamilika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo, na wewe mtoto wa fundi hukosi kujua kwamba udongo na mvua havikai pamoja. Yeye alilinyanyua bati likaachana na dari, hewa ya moto ikapata njia ya kupita katikati, na kingo za bati akazitokeza nje sana ili mvua isipige ukuta. Lile paa watu wanalisifia uzuri, na uzuri wenyewe umetokana na jua na mvua. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo. Hakuongeza mfereji mwishoni kama mtu anayeshona kifungo.

Kwa hiyo sikwambii uliondoe ua. Lipe bua. Bua moja lenye uwazi ndani, petali zote ziinamie hapo, maji yashuke hadi kwenye tangi chini ya sakafu. Najua hutaki nguzo katikati. Basi shusha petali moja chini ya nyingine, maji yamwagikie upande wa bustani, watu wayaone yakianguka wakiwa wanasoma. Hilo hata walimu wako watalipenda. Na atakayefuta vile vioo vya juu atasimama wapi? Lakini hilo liache kwanza, shughulika na maji.

Mwaka wako wa tatu huu na hujawahi kuniuliza neno moja la ujenzi. Sisemi kwa hasira. Michoro yako nimewaonyesha mafundi wenzangu wote, mmoja akaniuliza kama kweli ni mwanangu aliyeichora.

Labda huniulizi kwa sababu ya chumba chako. Beseni la kukingia maji yanayovuja unalijua, sina haja ya kusimulia. Siku tuliyomwaga zege la paa lake kulikuwa na kazi ya mtu inanisubiri, nikasema mteremko tutauweka kwenye plasta. Mama yako alisema palepale kwamba maji yatasimama. Sentimita mbili kwa kila mita moja, basi, ndizo zilizokuwa zinatakiwa. Nyumba za watu nimezipa mteremko wake zote.

Alhamisi utakaposimama mbele ya jopo, wa kwanza kuuliza kuhusu mvua asikukute huna la kusema. Usiku mmoja unatosha kuchora mishale michache ya bluu kwenye mkato. Ukikwama, piga simu hata kama ni usiku wa manane, niko macho.

Mlango wa nyuma nimeubadilisha bawaba. Mdogo wako amehamia chumba chako kwa muda, vitu vyako viko ndani ya sanduku, hajagusa rangi zako. Jumatatu nilianza kubandua plasta ya juu ya paa lako. Imetoka vipande vipande, chini yake zege liko sawasawa kama meza. Pima maji yangu kubwa imepasuka kioo, na ile ndogo uliondoka nayo. Ukija likizo njoo nayo, tuupime huo mteremko pamoja kabla sijamwaga.

Baba yako