Mwanangu, vidonge vya damu usiviache

Mwanangu,

Umenitumia majibu ya kipimo, kiwango cha damu 9.8, halafu chini umeandika "usijali mama". Nisijali vipi? Mjamzito akishuka chini ya 11 wanasema ana upungufu, na wewe bado una miezi mbele, mtoto anazidi kukua na anachukua kwako. Halafu vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu umeviacha, eti vinakufungisha choo na kukutia kichefuchefu.

Mama, meza. Kikikusumbua tumbo kimeze baada ya kula kidogo, ikishindikana waambie kliniki wakubadilishie, ila usiache kimyakimya. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni hivyo vidonge. Meza na maji au juisi ya chungwa, chai kaa nayo mbali saa moja au mbili maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na vidonge vya kalsiamu usivichanganye navyo. Najua wewe na chai.

Baba yako anasema ule maini kila siku, usimsikilize, maini yana vitamini A nyingi na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Kula nyama, maharage, mboga za majani. Na nyama iive mpaka ndani, yai kiini kikaze, maziwa mabichi usiguse kabisa. Kuna bakteria anaitwa listeria, huyo hata kwenye friji anaendelea kuzaliana, mama anaweza kuona kama kahoma ka mafua tu kumbe mimba iko hatarini. Kiporo ukikitoa pasha mpaka kifuke moshi chote, wewe na haraka zako unakulaga cha vuguvugu umesimama hapohapo jikoni. Kinyesi cha paka asafishe mumeo.

Na hiyo barafu unayotafuna usiku, mpaka mumeo anaamka kwa mlio, umewaambia kliniki? Hamu ya namna hiyo mara nyingi ni damu kupungua. Waambie.

Unavyopambana na kazi na tumbo hilo najivunia sana, hata kama kwenye simu nabaki kukugombeza tu. Ila kazi isiwe sababu ya kusahau kidonge, weka alamu.

Huku chumba chako kimepakwa rangi, harufu haijaisha, madirisha yanashinda wazi. Baba yako bado anabishana na fundi wa mlango. Godoro nimelianika. Nambie unakuja lini nijue shuka nifue siku gani, na tarehe ya kupima damu tena nitumie leo, usiseme utanipigia.

Mama yako